Kwaya ya Shingo za Buluu

Simu ya Wuryani iliita mara tisa kabla hajamaliza chai yake, na zote tisa zilileta habari ile ile. Kwaya ya akina mama wa mtaani ilikuwa imesimama jukwaani, kwenye ukumbi mkubwa wa mji wa Pekalongan, kisiwani Java, mbele ya majaji. Joto likapanda, wakatoka jasho, na sare mpya za batiki, alizowatengenezea Wuryani, zikawachujia rangi mwilini. Shingo buluu, makwapa buluu. Mama mmoja alijifuta uso kwa mkono wa nguo, akaimba beti mbili za mwisho akiwa na masharubu ya buluu.

"Masharubu, Wuryani!" alifoka Bi Kusmiyati, kiongozi wa kwaya. "Majaji walicheka mpaka wakainama. Umetufanya vikaragosi!"

"Si mimi, mama. Ni rangi."

"Rangi ilijipaka yenyewe?"

Wuryani akakata simu. Watu walikuwa wamemchosha. Miaka miwili nyuma aliacha kazi ya benki ili atengeneze batiki za michoro yake mwenyewe, ndege korongo na mashuke ya mpunga, si maua yale yale ya kila karakana. Tangu hapo, kwa alivyoona yeye, dunia nzima ilikuwa imemlia njama. Mvua ilinyesha siku ya kuanika. Fundi wa mihuri ya kupigia nta alichelewa. Mteja wa Semarang hakuwa na jicho la sanaa. Sasa na rangi nayo!

Akaweka nywele sawa, akajirekodi video. Kwa sauti ya mtu aliyeonewa, alisema wasanii wadogo wanauziwa rangi mbovu, na kwamba hii ilitoka duka la Koh Lianto, pale darajani. Akaituma kwenye kundi la watengeneza batiki, watu mia nne.

Uani, Bi Tumirah alikuwa akikwangua nta kwenye sufuria. Alikuwa mfanyakazi wake wa pekee, na alianza batiki kabla Wuryani hajazaliwa. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia kila neno.

"Kwa hiyo ni Koh Lianto," alisema bila kuinua uso.

"Nani basi?"

"Mimi sijui. Mimi nilipaka dawa ya kukazia rangi saa tisa alasiri, nikasema isiguswe mpaka asubuhi. Asubuhi nakuja, nakuta vitambaa vimeoshwa, vimechemshwa kutoa nta, viko kwenye kamba."

"Nilihitaji picha za jua la jioni, Bi Tumirah! Maonyesho ya Jakarta yalikuwa yanafunga maombi siku ile ile!"

"Haya. Basi kosa ni la jua."

Wuryani akalifunga dirisha kwa kishindo. Mchana kutwa alishinda akigongagonga vyombo.

Siku ya tatu Koh Lianto akaja mwenyewe, ndoo tupu mkono mmoja, kitambaa cha buluu mkono wa pili. Hakukubali kukaa.

"Watu kumi na mmoja wamenirudishia rangi," alisema. "Mmoja kaniita mwizi mbele ya mke wangu."

Akachota maji bombani, akatumbukiza kitambaa, akakisugua kwa sabuni, akakikamua. Maji yakabaki meupe.

"Rangi ni ile ile uliyonunua. Nimeikazia usiku kucha."

"Labda maji yenu..."

"Haya ni maji yako, dada. Nimeyachota mbele yako."

"Basi joto la mule ukumbini..."

Bi Tumirah, aliyekuwa akiwasikiliza kando, akashusha pumzi ndefu. Na hapo Wuryani akajisikia mwenyewe: mtoto mwenye sukari mdomoni anayemsingizia paka. Akajichukia hasa.

"Nilivitoa mapema," alisema. "Baada ya masaa mawili tu."

"Mimi unaniambia ya nini?" alisema Koh Lianto. " Nilikuwa najua. Waambie wale mia nne."

Wuryani akachukua simu, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti. "Kwa bahati mbaya, kulitokea..."

"Kulitokea nini?" alidakia Bi Tumirah. "Kimbunga?"

Akafuta. "Kutokana na uhaba wa muda..."

"Muda ndio uliofua?"

"Niacheni basi niseme!" Wuryani alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. Akaanza tena. "Mimi, Wuryani, niliosha vitambaa kabla ya wakati kwa sababu nilitaka picha. Bi Tumirah alinionya. Rangi ya Koh Lianto ni nzuri, nilimsingizia." Akaituma kabla hajajionea huruma.

Vicheko vikaanza kuingia kwenye simu, na matusi mawili matatu. Koh Lianto alimwaga maji, akachukua ndoo yake. Mlangoni akageuka.

"Ule mchoro wa korongo ni mzuri," alisema. "Naudhika kulisema hilo."

Jioni ile Wuryani aliwaandikia watu wa Jakarta kwamba anaondoa ombi lake, maana nguo ya kwenye picha haivaliki. Kisha akaenda kwa Bi Kusmiyati kwa miguu. Kati ya waimbaji ishirini na wawili, kumi na wanne walikubali washonewe upya. Wanane walisema hawataki hata kumwona.

Wiki iliyofuata Bi Tumirah alipaka dawa vitambaa vipya vya wale kumi na wanne. Wuryani alivizunguka mara tatu, vidole vikimwasha. Mwishowe akampa Bi Tumirah ufunguo wa lango la ua, akabeba mkoba aende kulala kwa dada yake.

"Masaa yote haya ya nini, lakini?" alinung'unika akivaa viatu.

"Na ukija kabla ya saa mbili asubuhi," alisema Bi Tumirah, "sikufungulii."