Fundi Aliyepima Mara Tatu

Mama Kifungo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa bintiye wa miaka tisa, Kifungo, aliyeshinda chini ya meza akiokota vifungo. Fundi huyu hakati kitambaa mpaka akupime mara tatu. Wateja walimtania, "Kwani tunanenepa ukigeuka?"

Sasa sikia balaa. Jumatatu mchana Kifungo alimwambia, kichwa chini, kwamba mjomba, kaka yake mama mwenyewe, humshika mahali pasipofaa kila anapokuja kumfundisha hesabu. Moyo ulimpasuka mama. Akafanya anachokijua: akapima.

"Hebu sema tena."

Mtoto akasema.

"Una hakika? Rudia, polepole."

Kifungo akamtazama, akainama kuokota kifungo. "Basi, mama. Labda nimekosea."

Jamani! Mtoto ni gauni?

Kesho yake alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii. Akaeleza yote. "Alipokwambia, ulimjibu nini?" afisa akauliza. Mama Kifungo akajifunika uso kwa kanga. Akalia kwa kwikwi. Ni yeye aliyembembeleza kaka yake aje kufundisha. Ni yeye aliyemgombeza mtoto akijificha siku za hesabu, akamwita mvivu. Alijichukia.

"Usimhoji tena," afisa alisema. "Mwambie unamwamini, na kosa si lake. Kesho mlete, sisi tutajua la kufanya."

Alipofika dukani, kaka mtu yuko mlangoni, meno nje, amefuata suruali yake. Mama Kifungo akamtupia, pindo halijashonwa.

"Mguu wako usikanyage hapa tena. Nimeshakushtaki."

"Dada! Unasikiliza maneno ya mtoto?"

"Nimechelewa kuyasikiliza. Toka!"

Akaondoka akibwata. Mama Kifungo akamchukua mwanawe kwa jirani. Kifungo alipoingia tu, akajipenyeza chini ya meza yake. Mama naye akajikunja akamfuata humo humo, magoti yakilia.

"Mwanangu, ulisema kweli tangu mara ya kwanza. Kosa si lako, ni langu mimi niliyekurudisharudisha. Nisamehe."

Kifungo alichezea vifungo kiganjani, kisha akauliza:

"Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mwanangu."

Mtoto akamwangalia usoni, kisha akauliza mara ya tatu, polepole, kama alivyofundishwa.