Mahindi Yaliyofupika Chanzuru

Haki ya Mungu vile, humu hakuna chumvi: mahindi ya Mzee Vitalis wa Chanzuru yalifupika. Siyo kunyauka. Kufupika.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yanauzwa kwa wawekezaji, na yeyote aliyeonekana na kamba ya kupimia alitazamwa kama mwizi wa kuku. Vitalis alilima kipande kilichopakana na mkonge, alichoachiwa na baba yake aliyetoka Songea kuja kukata mkonge. Karatasi ya shamba hakuwa nayo. Basi Mwalimu Gaudiosa alipoleta darasa la sita, wakafunga vitambaa vyekundu kwenye mahindi kadhaa, wakapima urefu na kujaza jedwali, mzee alijiambia: Leo wanapima muhindi, kesho shamba.

"Namba hizo za nani, mtani?" aliuliza. Mwalimu alikuwa Mhehe, yeye Mngoni; watani wa jadi.

"Za sayansi, mtani. Watoto wajifunze kupanga vipimo."

"Sayansi!" Vitalis akaguna. Mwekezaji gani atataka ardhi mbovu? Walipoondoka akavifungua vitambaa vyote, akavihamishia kwenye mahindi dhaifu ya upande wa mchanga.

Wiki iliyofuata Happiness, kiranja wa darasa, alipima akarudia. "Mwalimu, mmea wa tatu ulikuwa sentimita mia na sitini. Leo tisini!"

"Andika ulichopima. Cha zamani usifute." Gaudiosa akamgeukia mzee. "Shikamoo mtani. Muhindi wako una nini?"

"Marahaba. Tembo hao! Tembo wa Mikumi akipita, muhindi ukinusa harufu yake unajikunyata. Mwaka juzi mmoja ulizama wote, nikauchimba kama muhogo."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akashusha kidole kwenye jedwali. "Na mbelewele? Wiki jana kileleni ilikuwepo."

"Aliilamba."

"Haya, watoto, rudini mstari tulioanzia."

Haikupita muda Happiness akapiga kelele: "Mwalimu! Huu mrefu una uzi mwekundu umenasa kwenye bua!"

Vitalis akajikuna shingo.

"Umekamatika, mtani. Uliogopa nini?"

"Mkishapima, mtauza."

"Jedwali hili haliendi popote. Ila siku wakija kuuliza nani analima hapa, unataka wakute mahindi marefu ya Vitalis, au kichaka kisicho na mwenyewe?"

Mzee akageuka kuyatazama mahindi yake marefu.

"Faini ya utani jogoo," alisema Gaudiosa.

"Jogoo wangu mgonjwa."

"Tumpime uzito?"

"Ninyi Wahehe hamna haya!"

Akavirudisha vitambaa mwenyewe huku watoto wakimsahihisha: siyo huo babu, wa pembeni. Kisha akaenda bandani, akaleta jogoo kafungwa miguu. Akamkabidhi mwalimu, jicho la pembeni likiifuata ile kamba ya kupimia mpaka ilipotoka shambani.