Tairi Linalogoma Kidole

Mimi si mtu wa mizuka. Nimezaliwa Busia, nimekuwa fundi wa baisikeli tangu nina miaka kumi na minne, na kitu nisichoweza kukishika kwa mkono huwa sikijadili. Ndiyo maana nilikasirika kabla ya kuogopa, asubuhi ile nilipobonyeza tairi la Absalom na kulikuta limejaa.

Lilikuwa likining'inia stoo, nyuma ya duka la bosi mtaani Al-Rawdah, Jeddah, bado likiwa kwenye gurudumu lake. Ubavuni lina mpasuko wa urefu wa kidole. Tairi la namna hiyo halishiki upepo hata dakika moja. Lakini asubuhi baada ya asubuhi nilifungua stoo nikalikuta gumu, na kufikia saa nne limelala tena. Nikasema kuna mjinga ananichezea, nikabadilisha kufuli. Ufunguo ukawa mmoja tu, shingoni mwangu. Tairi likaendelea kujaa.

Wacha nieleze lilivyopasuka, maana uongo wangu uko hapo.

Mwaka 2015 ajenti mmoja alitupakia ndege moja, mimi na Absalom, tukapelekwa Riyadh kwa kafili mmoja, mwajiri anayekudhamini, na huyo ndiye bosi. Mimi nikawa fundi katika duka lake la baisikeli, Absalom akawa dereva wa nyumbani kwake. Bosi alikuwa na wazimu wa mashindano ya baisikeli za milimani, yale ya siku kadhaa, watu wanalala kwenye mahema na kesho yake wanaendelea. Aliposikia kwamba Absalom alikuwa akibeba abiria kwa baisikeli kule mpakani Busia, mtu pamoja na gunia lake la mahindi, alimvisha fulana ya duka na kumwandikisha katika shindano la siku tatu kwenye majabali nje ya Riyadh. Kazi ya kuchagua matairi akanipa mimi.

Kulikuwa na aina mbili. Moja nzito, mbavu nene, ya kumchosha mtu mlimani. Nyingine nyepesi, mbavu nyembamba, kashata, yale meno ya kukanyagia, fupi. Kitabu cha maelekezo kilikuwepo, geji ya kupimia upepo ilikuwepo, na sikugusa hata kimoja. Nani angenifundisha tairi mimi? Nilichukua zile nyepesi, nikazijaza, nikabonyeza kwa kidole gumba kama tunavyofanya kwetu. Busia tairi likikubali kidole, abiria anashuka anatafuta baisikeli nyingine. Likigoma, safari inaanza. Kwa barabara ile na mizigo ile, kidole changu hakikuwahi kunidanganya. Lakini kwenye mawe yenye makali tairi linatakiwa kuwa na mbavu nene na kulegea kidogo, ili jiwe lilisukume tu. Likiwa jembamba na gumu, jiwe linalikata. Hayo niliyasoma baadaye, katika kitabu kilekile.

Siku ya tatu, kwenye mteremko, jiwe lililikata tairi la nyuma. Absalom alitumbukia korongoni, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika.

Baisikeli ililetwa kwangu. Niliuona mpasuko, nikajua. Kisha nikamwambia bosi kwamba Absalom alizidiwa na jua. Jua lilikuwa kali kweli, na bosi hakutaka maswali. Alisema halas, yaani yameisha, akatia saini makaratasi. Nikampigia simu mama yake Absalom, nikamwambia vilevile. Yule mama alinishukuru. Alisema afadhali mwanawe alikuwa na mtu wa nyumbani karibu. Maneno hayo nimelala nayo miaka mitatu, na naona aibu hata kuyaandika.

Mwaka uliofuata bosi alihamishia duka Jeddah, na lile gurudumu likaja pamoja na vyuma vingine. Lilikaa kimya stoo mpaka mwaka 2018. Wiki tairi lilipoanza kujaa ndiyo wiki aliyofika dereva mpya: Nehemiah, mdogo wake Absalom. Ajenti yuleyule, kafili yuleyule, na mapaja yaleyale, ambayo bosi aliyaona siku ya kwanza. Shindano safari hii lilikuwa la siku nne, milima ya Taif.

"Yalla, Danson," bosi aliniambia. "Matairi mepesi, kama ya kaka yake. Mazito mafi, hakuna."

Nehemiah alikuja dukani Jumanne, tulipofungua tena baada ya swala ya alasiri. Alinipa mkono kwa heshima, mikono miwili.

"Fundi, naskia ni wewe ulichagulia Absa tairi."

"Ni mimi."

"Basi nipee zilezile. Mama aliniambia, ukifika huko enda kwa Danson, huyo ni mtu wetu." Akatabasamu, akainua kidole gumba. "Na uzijaze mpaka zigome. Si unajua vile tulikuwa tunafanya home."

Niliwaza njia rahisi. Ningempa zile nzito, ningepunguza upepo kimyakimya, na uongo wangu ungebaki ulipo.

"Zile ziliisha," nikasema. "Chukua hizi nene."

"Si hizo hapo juu?"

Kweli, zilikuwa sita, juu ya kichwa changu. Nilikuwa bado natafuta uongo wa pili pale sauti ya pampu iliposikika stoo. Mtu alikuwa anavuta na kusukuma, polepole, bila haraka yoyote.

"Kuna nani huko?" Nehemiah akauliza. Kumbe na yeye alisikia.

"Hakuna mtu."

"Aki fungua basi."

Nilivua ufunguo shingoni, nikafungua. Pampu ilikuwa kwenye msumari wake. Gurudumu lilikuwa mahali pake, na lile tairi, saa kumi alasiri, lilikuwa limejaa. Nehemiah alilibonyeza kwa kidole gumba, likagoma. Akapitisha mkono ubavuni mwa tairi mpaka vidole vikafika kwenye mpasuko, vikasimama hapo.

"Hii ilikatikia wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimtazama yule mtu aliye hai, mwenye mikono ya marehemu.

"Ni ya Absalom," nikasema. "Jua halikumuua. Nilimwekea tairi jembamba nikalijaza kwa kidole, na geji ilikuwa mezani. Nimekudanganya wewe na mama."

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alikaa kwenye boksi la spoki akitazama sakafu.

"Absa alinipigia jioni ya siku ya pili," akasema. "Akaniambia baisikeli inaruka ovyo kwa mawe, mikono imekufa ganzi. Nikamwambia, si utoe upepo kidogo? Akasema apana. Akasema ni Danson amejaza, na Danson hajawahi kosea."

Nililia pale mlangoni kama mtoto, mtu mzima na aproni yangu.

Nehemiah aliinuka, akaenda mwenyewe kwenye rafu, akashusha matairi mawili mazito. Akachukua na geji, na pampu pale msumarini. Niliponyoosha mikono kuipokea pampu, aliivuta upande wake.

"Wacha. Upepo nitajaza mwenyewe."

Alimaliza siku zote nne, akawa wa hamsini na kitu. Bosi aliniita punda kwa sababu ya matairi yale, na sikujali hata kidogo. Nehemiah aliingia dukani kwa miguu yake miwili, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaiweka geji mezani, akatoka bila kunisalimia. Nilibaki nimeishika ile geji, nikijiambia kwamba ukweli nimeusema na mtu amerudi mzima, sasa Absalom ataniachilia.

Kesho yake asubuhi nilifungua stoo nikanyoosha kidole gumba. Tairi lilikuwa limejaa.