Neno Moja la Kinyozi

Mume wangu alinyoa watu miaka arobaini, na vijana wa pale kazini wakamwambukiza neno lao la "poa". Nilikuwa nikimsuta: "Mzee mzima, hata haya huna!" Kiharusi kilipompiga, maneno yote yalimpotea, likabaki hilo hilo.

Chai ikiwa tamu, anasema poa. Ikikosa sukari, anasema poa huku anasukuma kikombe. Mjukuu akimwamkia, poa. Nikimsugua mgongo kwa nguvu, "Poa, poa, poa!", yaani niache, mwanamke, unanichuna.

Daktari aliniambia kwa upole, "Bibi, usitegemee makubwa. Huenda hata hakutambui." Nikarudi nyumbani moyo mzito.

Jana nikachukua mashine yake, nikamnyoa mwenyewe. Mkono wangu umezoea mwiko. Nikamwachia njia ya panya kutoka utosini hadi kisogoni. Sasa, enzi zake, akimharibu mteja, alikuwa anaficha kioo mgongoni na kumsifu kwanza: "Poa!" Mimi nilikuwa nacheka mlangoni, nimejiziba mdomo kwa kanga. Basi nami nikaficha kioo mgongoni, nikamkazia macho. "Poa!"

Akanitazama. Akajipapasa kichwa, akaipata ile njia. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika mkono.

"Poa," akasema polepole, na mkono hakuuachia.

Kesho nampeleka kwa daktari na kichwa hicho hicho. Akisome mwenyewe.