Ngome Iliyopinduliwa

Nenita Catubig alibakiza ripoti moja tu nzuri ya mwamuzi mkuu ili apewe cheo cha mwamuzi wa sataranji anayetambuliwa duniani. Mtihani alishaufaulu. Mara ya mwisho aliponzwa na huruma: alimwacha mzee mmoja arudishe kete aliyokwisha kuigusa, na ripoti ikaharibika. Safari hii mwamuzi mkuu wa mashindano alikuwa Bwana Evaristo Lumapas kutoka Cebu, mtu asiyecheka hata harusini.

Na mtihani wa kweli ukamfuata kwenye meza ya kwanza, raundi ya mwisho. Alikuwa anacheza Nong Teroy, yaani Kaka Teroy, kinyozi wa mji wa Tagbilaran na bingwa wa plaza, ule uwanja wa katikati ya mji, aliyemfundisha Nenita mchezo huu tangu hajang'oa meno ya utoto. Askari wake alifika mwisho wa ubao. Akigeuka malkia, kombe lake. Lakini kete ya malkia wake aliyeliwa ilikuwa ng'ambo ya meza. Basi Nong Teroy akafanya kama wanavyofanya wote pale plaza: akatwaa ngome, akaisimamisha kichwa chini, akatamka, "Malkia!" Akabonyeza saa.

Mpinzani wake, msichana wa chuo, akanyoosha mkono kumwita mwamuzi.

Nenita alisogea. Alitamani ardhi immeze.

"Hii ni ngome," alisema.

"Inday, binti yangu, acha utani. Huoni nimeipindua?"

"Ipindue, ilaze, ivishe kofia, Nong. Umeweka ngome, umebonyeza saa. Ungetaka malkia ungesimamisha saa ukaniita nikuletee."

"Si mimi niliyekufundisha kuipindua?"

"Ni wewe. Lakini hapa si plaza."

Ukumbi ukalipuka. "Shukrani ya punda mateke!" mtu alipaza sauti. Nong Teroy akamgeukia Lumapas, ambaye hata hakuweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Mwamuzi wako ni huyo," alisema.

Nenita akaiinua ngome, akaisimamisha wima, akaiwasha saa ya msichana. 

Ngome haikutosha. Mchezo ukaisha sare, kombe likapotea. Nong Teroy aliukodolea macho ubao, kisha akainuka na kuwakabili washangiliaji wake.

"Mnamzomea nani? Nimekosea mimi, tena kosa la kitoto!"

Lumapas akamsogelea Nenita. "Jioni nasaini ripoti yako, mwamuzi. Jina lako linakwenda kwa shirikisho la dunia."

Aliyepiga yowe la kwanza alikuwa Nong Teroy. "Tumepata cheo! Na mimi mniandike humo! Bila ngome yangu angewaonyesha nini?"

Watu walewale waliozomea wakaanza kupiga meza na kuliimba jina la Nenita. Nenita alicheka huku machozi yakimtoka. Hakuwahi kufurahi vile maishani. Halafu akaona meza mbili za nyuma, wachezaji wameziba masikio.

"Nong Teroy, kimya! Bado kuna watu wanacheza."

Bingwa wa plaza akafumba mdomo, na ukumbi mzima ukanyamaza pamoja naye.