Sanduku la Mikate la Rubeni

Rubeni Machage alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi, na kabla mwaka haujaisha akanunua pikipiki Kisumu. Kwa miaka minane hapakuwa na kuku wa kijiji cha Nyarero asiyeujua mngurumo wake. Watu walimwita Bwana Moto, naye aliitika kwa raha zake.

Mwaka 1954 akaanguka nayo mtoni, akagonga kichwa kwenye jiwe. Kidonda kilipona, kizunguzungu kikabaki. Kila akipanda magurudumu mawili dunia ililala ubavu, naye akalala nayo. Daktari wa Tarime akamwambia bila kuzunguka, "Mwezi mzima usipande kitu kisichoweza kusimama chenyewe."

Mtu mwingine angetembea. Rubeni alisema kutembea alikumaliza Burma. Akaenda kwa mwenye duka la mikate mjini, wakabadilishana kwa mwezi mmoja. Pikipiki ikabaki dukani, naye akaondoka na baiskeli ya magurudumu matatu: moja nyuma, mawili mbele, na katikati ya yale ya mbele sanduku kubwa la mbao lenye kifuniko, limeandikwa MIKATE kwa rangi nyekundu.

Nyarero walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mura, hiyo ni baiskeli au kitanda?" aliuliza jirani yake Mogesi.

Bwana Moto akafa siku hiyo hiyo, akazaliwa Bwana Mkate. Hata kizunguzungu kilipokwisha, mwezi ulikuwa bado, na Rubeni akawa anahesabu siku kwa uchungu.

Asubuhi ya siku ya mwisho, mkewe Efrazia alikuja mbio kutoka kwa wazazi wake. Mama yake, Agustina, alikuwa amechomwa na mwiba; mguu umevimba kama mtungi na homa imepanda. Wanaume wote wa kubeba machela walikuwa mnadani na ng'ombe.

"Asipopata sindano leo, mguu utakatwa," alisema Efrazia. "Umebaki wewe."

Rubeni alishtuka. Kwa Wakurya wa siku zile, mtu na mama mkwe wake hawakuangaliana usoni, hawakupeana mkono wala kusemeshana. Katika miaka sita ya ndoa alikuwa amemwona Agustina mgongo tu, akikatiza kuingia migombani. Tena ndiye aliyekataa, wakati wa posa, kumtoa binti yake kwa mtu anayepanda kitu cha kutoa moshi nyuma, mpaka mumewe alipomzidi kauli. Kwenye pikipiki mama huyo angelazimika kumshika mkwewe kiuno! Angekubali mguu ukatwe, na mwingine juu yake.

Lakini sanduku lilikuwa na kifuniko.

Walipofika, Rubeni akageukia ukuta. Efrazia na baba yake, mzee Heche, wakamwingiza mgonjwa sandukuni na blanketi lake, wakafunika, wakaacha upenyo wa kupumulia. Ndipo Rubeni akapanda. Efrazia akakimbia kando, akipokea na kupeleka maneno.

"Mama anasema mashimo yamezidi."

"Mwambie sikuyachimba mimi."

Kwenye mteremko mkubwa baiskeli ikachanganya mwendo, Efrazia akaachwa. Breki zilizozoea mikate hazikuwa na habari ya uzito wa mkwe. Huko chini, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Rubeni alitaka kumwonya mgonjwa, lakini kwa kinywa cha nani?

"Wewe sanduku!" akapiga kelele. "Mwambie aliye ndani ajishike!"

Sauti ikatoka ndani. "Wewe sanduku! Mwambie aliye nje ashike breki!"

"Sanduku, mwambie hazishiki!"

"Basi mwambie asali!"

Wakasali wote wawili, kila mtu upande wake wa mbao. Rubeni akakata kona, akaingia shamba la viazi, baiskeli ikazama kwenye matuta na kusimama wima. Pikipiki ingewalaza chini wote wawili.

Karibu na mji akasimamishwa na Ogweno, muuza samaki.

"Omera, nipe mikate miwili."

"Imekwisha."

Sanduku likakohoa.

"Mkate unakohoa?"

"Huu ni wa jana," alisema Rubeni, akakanyaga.

Hospitalini mgonjwa alichomwa sindano, na daktari akasema mguu umepona kukatwa, ila arudi kila asubuhi kwa siku tano. Walipokuwa wanarudi, Efrazia akijikokota nyuma kwa uchovu, mwenye duka akatoka mlangoni.

"Rubeni! Mwezi umetimia! Pikipiki yako hii, nimeisugua!"

Iling'aa kweli. Rubeni alisimama, akaitazama, kisha akalitazama sanduku.

"Kaa nayo kwanza," alisema mwishowe. "Sanduku lina kazi." Akaondoka upesi kabla moyo haujageuka.

Kwenye kilima, akihema, aliisikia tena ile sauti.

"Wewe sanduku. Mwambie huyo wa nje, yule mtu wa pikipiki nilimkataa, na hata leo akija nitamkataa."

Rubeni akanywea.

"Lakini huyu wa magurudumu matatu, huyu ningempa binti yangu siku ile ile."

"Sanduku, mwambie nimesikia," alisema Rubeni. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta, kwa kuwa mtu wa pekee ambaye angemwonea haya alikuwa amefunikwa.