Wagonjwa wa Meno wa Chilangala

Hakuna aliyemtarajia. Aliteremka kwenye baiskeli katikati ya kijiji kipya cha ujamaa cha Chilangala, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa nesi Ursula, mzaliwa wa Moshi, na aliomba kuwaona wenye mimba, hasa changa.

"Hapa hatuna," alijibu Mama Pancras, na wanawake wote wakaitikia kwa vichwa.

Mkwewe Bernadeta alitazama chini. Mimba yake ilikuwa ya miezi miwili. Ile ya kwanza aliitangaza mapema, ikatoka, na kijiji kizima kikawa na la kusema. Hii hataitaja mpaka tumbo lijitaje lenyewe. Ila alitamani mno kujua kama iko salama.

Asubuhi akashika shavu. "Mama, jino linaniua. Naenda kwa nesi."

Ndani ya ghala la korosho, alimopewa nesi kufanyia kazi, mlango ukiwa umefungwa, akanong'ona ukweli. "Ukimwambia mtu, nimekwisha."

"Sitasema. Nakuahidi."

Ursula alimuuliza hedhi ya mwisho aliiona lini, akampima uzito na presha, akamtoboa kidole, akamwomba mkojo.

"Mkojo nao wa nini?"

"Unasema mengi kuliko mwenyewe. Moyo wa mtoto sitausikia leo, bado mapema. Ukitokwa damu au tumbo likikukata, njoo mbio. Na hivi vidonge vya kuongeza damu vitakupa choo cheusi. Usipige yowe."

"Ndivyo hivi tu?" Bernadeta akacheka. Alikuwa amejiandaa kwa kisu.

Wiki iliyofuata foleni ilifika nje ya ghala, kila mwanamke mwenye siri tumboni ameshika shavu. Nyuma yao akaja balozi wa nyumba kumi, Bwanali, shavu limevimba kama amemumunya embe zima.

"Shikamoo, baba. Mimi meno sing'oi."

"Marahaba. Hung'oi? Wake zetu unawatibu, mimi unanibagua! Huo ndio ujamaa?"

"Basi hawa wanaumwa nini?" Mama Pancras, aliyekuja kutazama foleni, akamkazia macho mkwewe aliyesimama humo.

Bernadeta akashika shavu upesi. La upande mwingine.

Neno moja tu lingemwokoa Ursula. Alimtazama Bernadeta, akamgeukia mama mkwe. "Meno, mama. Ila jino kubwa kama la balozi lina vifaa vyake hospitali."

Akampandisha mzee kwenye karia, akaanza kuisukuma baiskeli kwenye mchanga, jua la utosi, kuelekea Newala.

"Nesi gani wewe! Umesomea wapi? Umeshindwa na jino!" balozi alifoka njia nzima.

Ursula akafuta jasho, akaendelea kusukuma.